Mzigo Ukipotea Njiani

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana miaka 23 na anaendesha bodaboda Isevya, Tabora. Mara ya mwisho nilipokwenda kuwasalimia alisubiri nimalize kula, akasogeza kiti, akanipa simu yake. "Dada, wewe umesoma. Hebu niangalizie hii."

Ilikuwa akaunti ya benki ya Kiislamu. Aliifungua mwenyewe kijiweni akisubiri abiria, kwa namba ya NIDA na laini yake ya simu. Ndani mlikuwa na shilingi 46,000. Alikuwa ameanza kusoma kuhusu murabaha, mudaraba na ijara, na alikuwa ameulizia bei ya pikipiki.

"Wanasema huku hakuna riba," akaniambia. "Lakini pikipiki ya milioni mbili na laki nane, wao wananiuzia milioni tatu na laki nne, nalipa kidogo kidogo. Sasa hiyo laki sita ni nini, kama si riba?"

Nikajibu harakaharaka, kama nilivyozoea kuwasikia watu wa benki wakijibu kwenye semina za waandishi wa habari. Ile ni faida ya biashara. Benki haikukopeshi pesa, inakuuzia chombo.

Akaniangalia kama anavyomwangalia abiria aliyetaka kulipa nusu nauli. "Kwa hiyo dada, limebadilika jina tu?"

Sikuwa na jibu. Na swali lenyewe halikuwa la kubishana tu, kwa sababu nyumba ile imeshalipia mkopo mbaya. Pikipiki yake ya kwanza aliipata kwa mkataba, kama vijana wengi wa bodaboda. Mwenye fedha ananunua chombo, wewe unaendesha, unampelekea elfu 10 kwa siku, siku sita za wiki, kwa miezi 15. Ukimaliza, chombo chako. Piga hesabu utaona inafika kama milioni 3.9 kwa pikipiki ya milioni 2.8. Hakuna aliyelalamikia tofauti hiyo. Mwenye fedha naye lazima ale.

Balaa lilikuja mwezi wa tisa. Abiria wawili, usiku, njia ya giza, na pikipiki ikaenda. Mdogo wangu alirudi kwa miguu, mdomo umevimba, akimshukuru Mungu kwa uhai. Asubuhi mwenye pikipiki alikuja na karatasi. Iliandikwa kwamba chombo kikipotea, mwendeshaji analipa kilichobaki. Ilibaki milioni moja na nusu na ushee. Mama mdogo akaenda kukopa kwa wale tunaowaita kausha damu, kulipia pikipiki ambayo haipo. Alipochelewa wiki tatu wakaja kuchukua cherehani. Ile cherehani ndiyo iliyomsomesha huyu kijana, na miaka ya mwanzo ilinisomesha hata mimi.

Kesho yake niliamka na swali la mdogo wangu kichwani, nikapanda bodaboda kwenda Kwihara.

Kwihara ni nje kidogo ya mji. Kuna tembe lililojengwa upya, na leo ni makumbusho ya David Livingstone. Watalii huja kumwangalia Livingstone. Mimi nilikwenda kwa sababu ya mizigo yake. Oktoba 1871 Livingstone alifika Ujiji, amechoka na anaumwa, akitegemea kukuta bidhaa alizotumiwa kutoka Zanzibar. Hakukuta kitu. Mtu aliyekabidhiwa mzigo alikuwa ameuza kila kilichokuwemo. Baadaye Stanley alimleta hapa Kwihara, na Livingstone akakaa hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi na vifaa vipya kutoka pwani. Mzungu yule maarufu alikuwa, kwa miezi kadhaa, mtu ambaye mzigo wake umepotea njiani, anangoja mwingine.

Mji huu wote ulijengwa juu ya kungoja kwa namna hiyo. Wanyamwezi walikuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani tangu mwanzo wa karne ya 19, kabla wafanyabiashara wa Kiarabu hawajaweka makazi Unyanyembe. Waarabu walipokuja waliweka kituo chao Kaze, na mwanzoni mwa miaka ya 1850 Tabora ikawa njia panda. Upande mmoja unakwenda Ujiji na Kongo, mwingine Karagwe na Buganda, mwingine unarudi Bagamoyo. Burton na Speke waliingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu watoke pwani. Msafara ulipitia majangwa, homa, hongo kwa kila mtawala, na wapagazi waliotoroka usiku. Na bado ulikuwa nusu ya safari, maana pembe zenyewe lazima zirudi.

Nani alikuwa na fedha ya kungoja muda wote huo? Mara nyingi hakuwa mfanyabiashara mwenyewe. Burton alipokelewa Kaze na Snay bin Amir, ambaye kwa maelezo ya Burton alianza maisha akiuza halua Muscat, na katika miaka 16 akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa katika Afrika Mashariki. Kijana anayeuza halua hana mtaji wa msafara. Huo uliwezekana kwa sababu Zanzibar kulikuwa na watu wa kukopesha, hasa wafanyabiashara wa Kihindi. Walikuwepo Wahindu wa nyumba ya Jairam Sewji, walioshika ushuru wa forodha kwa miaka mingi, na Waislamu wa Kiismailia kama Taria Topan, ambaye alimkopesha Tippu Tip.

Hapa ndipo niliposikia sauti ya mdogo wangu. Mkopo wenyewe haukuwa wa fedha taslimu tu. Sehemu kubwa ilikuwa bidhaa: merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Njia moja iliyozoeleka ilikuwa kuandika bidhaa zile kwa bei kubwa kuliko ya sokoni, na mkopaji akaahidi kulipa kwa pembe akirudi, baada ya mwaka, miwili au zaidi. Riba haitajwi. Iko ndani ya bei. Muislamu anaweza kutia saini bila moyo kumgonga, na mkopeshaji anajua hasa anapata nini.

Ukiiangalia kwa juu, ni ileile pikipiki ya milioni tatu na laki nne. Nikafikiri dogo ameshinda, limebadilika jina tu.

Lakini ukiendelea kuufuata msafara, unaona kwamba bei haikuwa tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo lilikuwa njiani. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alipoingia vitani na Waarabu wa Tabora, njia ya kwenda Ujiji ilifungwa, na vita vile vilidumu miaka kadhaa. Pembe zikakwama. Deni la Zanzibar halikukwama. Lilikuwa limeandikwa kwenye daftari la mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Unyanyembe. Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi hapa Tabora, alikaa bara karibu miaka 12 kabla ya kurudi pwani mwaka 1882. Aliyemkopesha alikuwa na subira, na yeye alirudi na pembe za kutosha, kwa hiyo hadithi yao ikaisha vizuri. Aliyerudi mikono mitupu alibaki na deni. Wapo waliobaki bara moja kwa moja kwa sababu pwani kulikuwa na mdai.

Na mfanyabiashara aliyebanwa alimbana nani? Aliye chini yake. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Kwa kuwa alikuwa mtu huru mwenye kazi yake, aliweza kugoma au kuondoka posho isipotolewa. Chini yake alikuwepo mtumwa. Huyo hakuwa na mkataba, alikuwa sehemu ya mali inayolipia mkataba wa watu wengine. Pembe zikipungua, deni liliweza kulipwa kwa watu. Karatasi ya Zanzibar ingeweza kuwa safi kabisa, na mashahidi wawili, bila neno riba hata mara moja, na bado ikamalizikia shingoni mwa mtoto wa Manyema. Sisi wa Tabora tunapenda kuisifia miembe ya njia ya misafara na milango ya nakshi. Hii nayo ni sehemu ya urithi.

Nilipokuwa narudi mjini niliona swali langu limebadilika. Nililokuwa nalitafuta sasa ni hili: mzigo ukipotea njiani, nani analipa?

Cha ajabu, fiqhi ya biashara imelijibu swali hilo waziwazi, tena kwa mfano wa msafara. Sira inasimulia kwamba Mtume Muhammad, kabla ya utume, alisafiri na bidhaa za Bi Khadija kwenda Sham. Mama yule alitoa mali, yeye akatoa safari na akili. Mpango wa namna hii ndio unaoitwa mudaraba. Faida inagawanywa kwa sehemu iliyokubaliwa mwanzoni. Hasara ikitokea bila uzembe wala hiana, mwenye mali anapoteza mali yake, na msafiri anapoteza jasho lake. Msafiri hadaiwi alichoporwa. Kila mmoja amepoteza alichoweka.

Hebu linganisha na daftari la Zanzibar, au na karatasi ya pikipiki ya mdogo wangu. Kwenye zote mbili mwenye mali hapotezi kitu. Msafiri anapoteza jasho, kisha anaidaiwa na mali.

Watu wa hapa kwetu hawakupata nafasi ya kuchagua kati ya mipango hiyo miwili kwa muda mrefu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na kazi ya upagazi wa masafa marefu ikafifia. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamebanwa na vita, sarafu zilitengenezwa hapahapa Tabora, zikiwemo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Leo watoza sarafu duniani wanazigombania. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia mjini. Kisha wakaja Waingereza, na sheria yao ya mwaka 1931 iliyozuia mikopo kwa wenyeji: deni la Mwafrika kwa asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani bila idhini ya serikali. Ilielezwa kwamba ni kuwalinda. Matokeo yake, mwenye duka wa Kiafrika hakuwa na wa kumkopesha. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, mabenki yalitaifishwa na ikazaliwa NBC. Kwa babu yangu benki ilibaki jengo la mjini lenye foleni. Pesa ya tumbaku alizika chini ya kitanda kwenye kopo la maziwa. Hela ya benki inazaa haramu, alisema. Mchwa hawakuwa na habari hiyo.

Babu angeshangaa kumwona mjukuu wake anafungua akaunti barabarani. Lakini mabadiliko haya yana historia fupi ambayo ni vizuri kuijua. Majaribio ya kisasa ya benki bila riba yalianza kuonekana mwaka 1963 katika mji wa Mit Ghamr, Misri, kwa wakulima na watu wa kipato kidogo. Mwaka 1975 ikaanzishwa Dubai Islamic Bank, na fani nzima ikahamia kwenye fedha nyingi za mafuta. Kwetu Afrika Mashariki, Gulf African Bank na First Community Bank zilianza kazi Kenya mwaka 2008, na mwaka huohuo KCB ikafungua dirisha la Kiislamu Tanzania. Amana Bank ilianza mwaka 2011, benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi hiyo. CRDB ikaja na Al Barakah mwaka 2021.

Upande wa simu, M-Pesa ya Vodacom ilifika Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2014 ikaja M-Pawa, akiba na mkopo ndani ya simu. Hapo ndipo vijana wa Kiislamu wengi walipokutana na riba uso kwa uso kwa mara ya kwanza, maana sasa haikuhitaji kwenda mjini, ilikuja yenyewe mfukoni. Baadaye zikafurika programu za mkopo wa dakika mbili, nyingine zikipigia simu ndugu na marafiki wa mdaiwa kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni kuwa zinafanya kazi bila leseni. Ukitaka kujua kwa nini kijana wa Isevya anaitafuta akaunti ya Kiislamu kwenye simu, usianzie msikitini peke yake. Anzia hapo. Dini inamwita, ni kweli, lakini kuna kitu pia kinamkimbiza.

Sasa turudi kwenye laki sita. Baada ya Kwihara nilimpigia mtaalamu mmoja wa fiqhi ya biashara, nikasoma na mikataba miwili ya murabaha neno kwa neno. Tofauti ipo. Katika murabaha ya kweli benki lazima kwanza iinunue pikipiki, iwe mali yake, ndipo ikuuzie. Kwa muda huo, hata ukiwa wa siku mbili, pikipiki ikiungua au kuibwa hasara ni ya benki. Pili, bei ikishakubaliwa haiongezeki. Ukichelewa mwezi, milioni tatu na laki nne inabaki milioni tatu na laki nne. Kama kuna faini ya kuchelewesha, kwa kawaida inakwenda kwenye sadaka, haiwi pato la benki. Mama mdogo angekuwa na mkopo wa namna hiyo, deni lake lisingenenepa kila wiki. Pengine cherehani ingekuwepo.

Lakini pia dogo hakukosea. Chombo kikishakabidhiwa, hatari yote ni ya mnunuzi. Kikiibwa mwezi wa tisa, deni linabaki palepale, isipokuwa kama kimewekewa takaful, ile bima ya kusaidiana. Na kama benki haikuimiliki pikipiki kikweli, ikapitisha karatasi tu kwenye kompyuta, basi tumerudi kwenye daftari la Zanzibar na merikani ya bei ya juu. Mufti Taqi Usmani wa Pakistani, mmoja wa wataalamu wakubwa wa fani hii, ameandika kwamba murabaha kwa asili haikuwa njia ya kutoa mtaji, na kwamba itumike kwa masharti makali. Hata hivyo murabaha ndiyo inayotawala. Mudaraba na ushirika wa musharaka, ambamo benki inakubali kuumia pamoja na wewe, ni vigumu kuvipata ukiwa kijana wa bodaboda. Sababu zake si siri: benki inatunza amana za watu, na kijana hana hesabu zilizoandikwa. Ila ukweli ni kwamba sehemu ya dini iliyo rahisi kuingia kwenye simu ndiyo iliyoingia. Ile ya kugawana hasara bado iko njiani.

Jioni nilimkuta kijiweni, amekaa juu ya pikipiki ya mtu, anaiendesha kwa siku. Nikamweleza yote haya, kwa ufupi kuliko nilivyoyaandika hapa. Alisikiliza, akakatiza mara mbili kwa ajili ya abiria wa karibu, akarudi. Kuhusu Snay bin Amir alicheka. "Muuza halua? Basi na mimi nina nafasi." Nikamwambia namna muuza halua alivyotajirika, na kwamba alikufa kwenye vita vya njia hiyohiyo ya misafara. Akanyamaza kidogo.

Kisha akafungua simu, sehemu ya kuandikia, akaniambia nimtajie maswali ya kuuliza benki. Tukaandika matatu. Pikipiki mnainunua lini, na risiti ipo kwa jina la nani? Ikiibwa kabla sijakabidhiwa, ya nani? Ikiibwa baada, takaful inalipa kiasi gani, na nani anailipia?

Akasoma tena, akaongeza la nne mwenyewe, bila kuniuliza: "Na mama yangu mtamfuata?"

Wiki mbili baadaye alinitumia ujumbe. Amepiga simu benki, la kwanza na la pili wamemjibu vizuri. La tatu wamesema watampigia. La nne yule dada wa huduma kwa wateja alikaa kimya, halafu akamwambia kwamba mama hayumo kwenye mkataba kama hajatia saini kuwa mdhamini. "Kwa hiyo dada," akaandika, "mama hatii saini." Pikipiki hajachukua. Anaweka akiba kwanza, elfu tano, siku nyingine elfu mbili. Akifika laki tano, anasema, ataanza na cherehani.